Ziwa Lisilobofyeka

Nchi ninayoisimulia haipakani na ya kwako, ndugu msomaji, wala hazina undugu. Ukiona humu nyumba inayofanana na ya jirani yako, mwambie jirani abadilishe rangi. Mimi ni mtumishi wa serikali, nina mke, watoto na shinikizo la damu, na sitafuti maneno na mtu.

Cheo changu ni Afisa Kipanya. Msicheke, kazi hii imesomewa. Nchini kwetu kila mtu anaweza kuitazama Ramani ya Taifa kwenye simu yake na kuibofya apendavyo, lakini mbofyo wa nyumbani ni burudani tu, hauna nguvu ya kisheria. Mbofyo wa kisheria hubofywa ofisini, na mwananchi haruhusiwi kukigusa kipanya cha serikali, maana haijulikani mkono wake umetoka kushika nini. Yeye hukaa upande wa pili wa meza, husema anakotaka, nami humsogezea mshale na kumbofyea. Nina cheti cha kitufe cha kushoto. Kitufe cha kulia ni cha Waziri peke yake, na kwenye vipanya vyetu sisi watu wa madirishani kimezibwa kwa gundi tusije tukapitiwa.

Ramani yenyewe ni nzuri, nisiionee. Chini kabisa kuna picha ya nchi iliyopigwa kwa ndege, na juu yake yametandikwa matabaka, moja juu ya jingine, kama mikeka siku ya shughuli. Kwenye matabaka hayo kuna vibofyo. Kibofyo ni mahali ambapo mshale ukifika hugeuka mkono mdogo mweupe wenye kidole kimoja kilichonyooka. Ukibonyeza hapo, kidirisha kinafunguka na kukueleza maendeleo ya mahali hapo. Ukibofya kijiji cha Mbugwesa, kwa mfano, ilikuwa inafunguka Zahanati ya Kisasa ya Mbugwesa, yenye vitanda vya shuka nyeupe, neti za bluu na muuguzi anayecheka meno yote nje. Zahanati haikuwa imejengwa. Ilikuwa inabofyeka.

Hapo ndipo watu wa nchi nyingine hushindwa kutuelewa. Wanadhani kitu hujengwa kwanza ndipo kikachorwa. Waziri wetu wa Ramani na Mwonekano, Mheshimiwa Dakta Ponsiano Gwarama, alilimaliza suala hilo bungeni kwa hotuba iliyotuliza nchi nzima.

"Waheshimiwa," alisema, "kujenga ni kazi ya mikono, na mikono huchoka. Kubofyeka ni kazi ya fikra! Kuanzia leo, kinachobofyeka kipo, na kisichobofyeka hakipo. Na yeyote atakayesema ramani imesema uongo, huyo anamtukana Mlezi wa Taifa aliyeizindua."

Wabunge walipiga meza hadi mbili zikavunjika, na ikapita Sheria ya Mahali.

*

Kabla sijaendelea niseme jambo moja kuhusu adabu, maana sisi ni watu wa adabu hata tunapokoseana. Kwetu huingii nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Wataalamu walipoanza kuweka vibofyo juu ya mapaa ya watu, wananchi walilalamika kwamba wanatomaswa kidole majumbani mwao bila taarifa. Wizara ikawasikiliza, kama kawaida yake. Ukaanzishwa mpango ulioitwa Kila Nyumba Iitike. Maafisa wenye vinasa sauti walizunguka vijijini, wakasimama kila mlango, wakapiga hodi, na yeyote aliyekuwamo akaitikia. Ile sauti ikawekwa kwenye kibofyo cha nyumba hiyo. Ukibofya, ni hodi. Nyumba inaitika "karibu", ndipo kidirisha kinafunguka.

Ulikuwa mpango mzuri. Nakumbuka tulikuwa tukibofya tu kwa raha ya kukaribishwa, hasa siku ambazo nyumbani hatukukaribishwa vizuri.

Kisha ikaja sikukuu ya kuzaliwa ya Mlezi wa Taifa. Mlezi alikuwa amezitembelea nchi jirani, akaona zote zina maziwa, akarudi amenuna. Waziri Gwarama hakusubiri kuambiwa. Asubuhi ya sikukuu tuliamka tukakuta tabaka jipya la bluu limetandazwa juu ya Mbugwesa yote, limepindapinda pembeni kama maji ya kweli, na maneno Ziwa la Amani katikati. Mlezi alilitazama kwenye skrini kubwa uwanjani, akatokwa na machozi, nasi tukatokwa na machozi kwa kufuata itifaki.

Sasa, Mbugwesa ilikuwa na watu. Serikali yetu haiwezi kuwaacha watu wazame. Siku ile ile yakapelekwa malori na askari waliovaa majaketi okozi ya rangi ya chungwa, wakaingia kijijini katikati ya kiangazi, vumbi likiwafika magotini, wakipiga kelele, "Tokeni! Maji! Mnazama!" Walio wepesi wa kuelewa walipanda malori. Mzee mmoja, fundi baiskeli aliyeitwa Makame Chambuso, alisimama mlangoni kwake akauliza, "Maji yako wapi, wanangu?" Askari wakaona huyu ameshakunywa mengi, amechanganyikiwa. Wakamlaza chini, wakamkandamiza tumbo na kumgonga mgongo mpaka akatapika uji. Kwenye taarifa uliandikwa maji. Mzee Chambuso akahesabiwa miongoni mwa waliookolewa, akapelekwa mjini kwa mdogo wake, na huko hakupona kifua tena.

*

Mkewe ndiye aliyekuja dirishani kwangu. Bi Siwema alikuwa mama mwembamba, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha uinamishe kichwa ili umsikie. Mimi nahudumu Kitengo cha Mazishi na Mahali, ambako hakuna maiti anayetolewa hospitali mpaka mahali pa kumzika pamebofywa na pameonekana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu yuko kule kwenye majokofu. Nataka nikamzike nyumbani."

"Pole sana, mama. Nyumbani wapi?"

"Mbugwesa."

Nikasogeza mshale. Ulipofika kwenye bluu ukageuka mkono, nikabofya. Kidirisha kikafunguka: Ziwa la Amani. Kina ni kirefu. Kuogelea, kuzika na kuuliza ni marufuku. Nikamsomea. Akaniomba nirudie, nikarudia, nikipandisha kidogo sauti kwenye neno "amani" ili kumfariji.

Mkuu wa kitengo chetu, Bwana Kirobo, alisikia akaja. Bwana Kirobo ni mtu anayeziogopa kanuni kuliko anavyowaogopa watu, na kwa sababu hiyo watu humwogopa sana.

"Mama, kwenye ziwa hatuziki," alisema. "Lakini tuna Makaburi ya Taifa. Yanabofyeka vizuri mno. Yana hata muziki."

"Nashukuru, baba. Ila nilimwahidi nitamweka kwa Tatu."

"Tatu ndiye nani?"

"Binti yetu. Yuko nyuma ya nyumba, chini ya mpera."

Akatusimulia bila kulia, na afadhali angelia. Tatu alikuwa na miaka tisa aliposhikwa na homa. Walikuwa wameiona ile zahanati kwenye simu ya mwenyekiti, vitanda vyake na neti zake za bluu. Baba yake akampakia kwenye baiskeli, akamfunga mgongoni kwa kanga asidondoke, akaondoka. Alipofika mahali penyewe alikuta uwanda wa majani na kibao. Akazunguka kile kibao akipiga hodi, akidhani labda mlango uko upande wa pili. Alirudi kwa miguu, amembeba mtoto begani, na baiskeli ameiacha huko huko.

"Hajaifuata mpaka leo," alisema Bi Siwema. "Fundi baiskeli mzima, akawa hataki kuona baiskeli. Akikaa anasema, mimi nikifa mniweke kwa Tatu, asikae peke yake. Ndilo alilotaka tu, baba. Hakutaka kingine."

Bwana Kirobo akatazama kalamu yake. Akasema kuwa zahanati ya Mbugwesa kwa sasa imo ziwani, kwa hiyo suala lake limeshafungwa, na kwamba cheti cha hospitali kinaonyesha marehemu alikufa kwa athari za kuzama. Kumrudisha mtu kwenye maji yaliyomuua, alisema, ni ukatili, na serikali haina ukatili. Bi Siwema akasema asante. Kesho yake asubuhi alikuja tena. Akawa anakuja kila siku, anakaa kwenye benchi la mbele na kitambaa cha sanda mapajani kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mimi nikaanza kupitia mlango wa nyuma, kwa sababu ambazo nilidhani ni za kiafya.

*

Huku nyuma ziwa lilikuwa linamletea Waziri maudhi. Wananchi walilibofya kupita kiasi. Wavuvi walibofya kuuliza samaki. Wanafunzi walibofya kuuliza maji yanatoka mto gani. Mtu mmoja, ambaye sasa anapumzika mahali pasipobofyeka, alibofya na kuuliza kama inaruhusiwa kulima viazi sakafuni mwa ziwa. Waziri Gwarama akaitisha mkutano wa dharura wa watumishi wote.

"Ndugu zangu," alisema, jasho likimtoka, "mkono wa ramani una umbo gani?"

Tukaitazama mikono yetu.

"Una kidole! Kidole kimoja, kimenyooka! Na ziwa lile ni la nani?"

"La Mlezi!" tukajibu.

"Sasa ni adabu gani hii, taifa zima kumnyooshea Mlezi kidole usiku na mchana? Mtoto wako akikunyooshea kidole unamfanya nini? Nataka ziwa lisibofyeke. Watu waliangalie kwa macho, mikono nyuma."

Kwa kanuni za adabu zetu hoja hiyo haikuwa na jibu. Mtu mmoja tu aliinua mkono, akiwa amekunja vidole vyote kwa tahadhari, akauliza kwa unyenyekevu kama Sheria ya Mahali haisemi kwamba kisichobofyeka hakipo. Waziri akamweleza kwamba Mlezi mwenyewe habofyeki, na yupo kila mahali. Tukapiga makofi, na fundi wa matabaka, kijana mmoja mwenye macho mekundu aitwaye Nasibu, akaagizwa alifanye ziwa lisisikie kidole.

Akafanya. Nililijaribu kesho yake asubuhi kabla dirisha halijafunguliwa, nikaona ni kweli. Pale maandishi ya Ziwa la Amani yalipo, mshale ulibaki mshale. Nilibofya, na bluu ikakaa kimya.

Bi Siwema akaja kama kawaida. Mlango wa nyuma siku hiyo ulikuwa umefungwa, kwa hiyo tulionana.

"Mwanangu," alisema, "nijaribie tena."

"Mama, sasa ndiyo halibofyeki kabisa. Limeheshimiwa."

"Nijaribie tu. Siyo pale katikati. Huku, upande wa jua linakotokea. Kwetu kulikuwa mwisho kabisa, mbele ya kilima."

Nikasogeza mshale kwa kumridhisha. Juu ya maji matupu, mahali ambapo hapakuwa na alama, wala neno, wala nukta, mshale ukageuka mkono.

Nikaurudisha nyuma. Ukawa mshale. Nikaupeleka mbele. Ukawa mkono, mweupe juu ya bluu, kidole kimenyooka kuelekea chini. Bi Siwema alikuwa anautazama ule mkono kama mtu anayemtambua aliyesimama mbali.

"Bofya," alisema.

Nikabofya. Spika ya mezani ikakwaruza, na sauti ya mtoto wa kike, ya karibu sana, yenye haraka ya mtu aliyeacha mchezo wake kuja mlangoni, ikasema:

"Karibuni. Baba bado hajarudi."

Kisha kidirisha kikafunguka juu ya maji. Kilikuwa na picha ya nyumba ya udongo, gurudumu la baiskeli ukutani, mpera nyuma. Chini yake iliandikwa: Kwa Chambuso.

Bi Siwema hakupiga yowe. Aliweka kiganja kwenye kioo cha dirisha, akasema taratibu, "Ndiye. Ndiye Tatu. Siku ile walipokuja kunasa sauti baba yake alikuwa mnadani. Akatoka yeye." Kisha akacheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko kilio. "Baba yake mwenyewe hakuwa na hodi, mwanangu. Akirudi anakohoa tu mlangoni, kikohozi kimoja, basi. Tatu anajua. Anatoka mbio na maji ya kunawa."

*

Nasibu aliitwa. Alibofya mwenyewe, akasikia, akakaa chini.

"Ziwa tumelizuia lisipokee kidole," alisema. "Sasa kidole kikija hakina pa kuishia. Kinapita."

"Kinapita kwenda wapi?" aliuliza Bwana Kirobo.

"Chini."

"Chini kuna nini?"

"Kijiji, Mkuu. Hatukufuta. Tulifunika tu."

Akasogeza mshale polepole juu ya bluu, na kila hatua ndogo ule mshale ulikuwa ukigeuka mkono na kurudi mshale, mkono na mshale. Akabofya hapa na pale. "Karibu ndani," ilisema sauti ya mzee. "Karibu, mwenyewe yuko shambani." "Karibuni, piteni tu." Mama mmoja aliitika huku akicheka, na nyuma yake kuku walisikika. Baadhi yao niliwafahamu, walipita dirishani kwangu kuzikwa Makaburi ya Taifa, penye muziki.

Nilidhani Bwana Kirobo ataamuru tuzime mashine. Lakini nimeshasema huyu ni mtu wa kanuni. Alitoa kitabu cha Sheria ya Mahali, akakisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza.

"Mahali pamebofywa," alisema. "Na mwenye cheti."

"Ndiyo, Mkuu."

"Pamefunguka. Pameitika."

"Pameitika, Mkuu."

"Basi papo. Nikisema hapapo, nimesema ramani ni mwongo." Akajifuta uso. "Na nikisema ziwa halipo, pia nimesema ramani ni mwongo. Mama, kazike. Lakini unazika ziwani, na ziwani kuna masharti."

Bi Siwema alitaka kumshika mkono kumshukuru. Bwana Kirobo akauweka mfukoni haraka.

*

Masharti yalikuwa mawili. Waombolezaji wote wavae majaketi okozi, na mwili usafirishwe kwa chombo cha majini. Wizara ikatuazima mtumbwi wa plastiki. Mimi nilitumwa kama mwakilishi wa mbofyo, nimekishika kipanya mkononi, waya unaning'inia, ili mahali pathibitishwe kwa mkono wa serikali.

Lori lilitushusha kwenye kibao kilichoandikwa UFUKWE. Mbele yetu palikuwa na nyasi kavu mpaka kilimani. Wanaume wakamweka Mzee Chambuso ndani ya mtumbwi, wakaunyanyua mabegani, wakaanza kwenda. Nyuma yao wanawake, majaketi ya rangi ya chungwa juu ya kanga, wakiimba wimbo wa kwao wa kusindikiza. Mtu aliyesimama mbali angeona mtumbwi unakwenda juu ya nyasi kwa utulivu, bila makasia. Msimamizi wa usalama wa ziwa alitembea pembeni na filimbi, akitukumbusha tusiende kwenye kina. Hakuna aliyecheka, hata mimi, na nina kawaida ya kucheka mazishini kwa wasiwasi.

Tulipita kwenye misingi ya nyumba. Mapaa yalikuwa yameng'olewa, milango haipo, mafiga yamebaki matatu matatu. Nilikuwa nawafahamu wote wale kwa sauti. Hapa ndipo pa kuku. Hapa ni yule wa shambani. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nilikuwa mahali nilipozoea kupabofya, na nilijisikia vibaya, kama mgeni aliyeingia uani wakati watu wamelala.

Kwa Chambuso palibaki kizingiti na kipande cha ukuta chenye alama ya mviringo, lilipokuwa limetundikwa gurudumu. Nilipofika kizingitini miguu ikagoma. Kinywa kikasema chenyewe, "Hodi."

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Siwema nyuma yangu. Ilikuwa nyumba yake, nani mwingine angeitika.

Wakamzika chini ya mpera, karibu na kilima kidogo cha udongo kilichozungushiwa kokoto. Walipomaliza kuomba, Bi Siwema alivua jaketi lake okozi. Msimamizi akapuliza filimbi. Yeye akalikunja vizuri, akalikalia pale chini kati ya makaburi mawili, akanyoosha miguu. "Haya, baba Tatu," alisema. "Umefika."

Nikainua kipanya hewani, nikabofya. Hivyo ndivyo ilivyoelekezwa.

*

Habari kama hizo hazikai ofisini. Watu wa Mbugwesa waliotawanywa mjini walianza kubofya kwenye simu zao, kila mmoja kule alikodhani ni kwao. Wengine walikuja mpaka kwetu, wakajaza ukumbi. Ilikuwa ukipita barabarani unasikia kwenye vibanda, kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye foleni za maji, sauti za watu wasiokuwepo zikisema karibu, karibuni, piteni ndani. Watu wazima walikuwa wanalia wamesimama. Bibi mmoja alisikia sauti yake mwenyewe ya zamani ikimkaribisha, akaijibu, "Nakuja."

Waziri Gwarama alifika na msafara. Alikaa kwenye kiti changu, akakunja mikono ya shati, akachomeka kipanya chake mwenyewe, akabofya ziwa kwa kitufe cha kulia. Nacho kikafanya vile vile.

"Karibu, mheshimiwa," ikasema sauti ya mzee mmoja, maana alikuwa amemwitikia hivyo afisa wa vinasa sauti siku ile, kwa heshima.

Waziri aliruka kutoka kwenye kiti. Alisimama, mkono kifuani, hotuba ikamjia.

"Ni nani," alisema, "aliyewaruhusu waliozama kupokea wageni ndani ya ziwa la Mlezi? Huu ni uasi! Mtu akishazama ana wajibu wa kunyamaza! Kesho asubuhi nataka tabaka jipya juu ya nchi nzima, safi, lisiloonekana, lidake kila kidole, na popote mtu atakapobofya apate jibu moja tu: Asante kwa kubofya."

"Nchi nzima, mheshimiwa?" Nasibu aliuliza.

"Nchi nzima. Sijui chini ya mengine kuna nini."

Hilo nadhani ndilo neno la kweli pekee nililomsikia akisema, na alilisema kwa sauti ndogo.

Ukumbi ukatolewa watu. Nasibu alikaa akitengeneza tabaka. Bi Siwema hakuja. Alikuwa amebaki kule, nasikia anaishi pale pale kwenye ule msingi, na wasimamizi wa ziwa wamemwandika kwenye taarifa kama boya.

Kabla ya kufunga dirisha nilisogeza mshale upande wa jua linakotokea. Sikuwa na kazi ya kufanya huko, mbofyo ule haukuwa wa kisheria. Mkono ukatokea juu ya maji. Nikabofya.

"Karibuni. Baba bado hajarudi."

Nilikuwa nimeisikia mara nyingi, lakini mara ile ilinishinda. Nilihuzunika kwa ajili yake, nilihuzunika kweli. Mtoto amesimama mlangoni miaka yote, na habari iliyo njema kwake nilikuwa nayo mimi, na ramani yetu haina mahali pa mwananchi kumjibu aliye chini. Kidirisha kinasema tu, hakisikii. Hata hivyo nikainama mpaka pua ikagusa kioo cha skrini, nikamwambia taratibu, Nasibu asisikie:

"Amerudi, mwanangu. Tulimleta juzi."

Kioo kikabaki kioo. Nikajiona mjinga, nikajifuta uso kwa tai ya serikali. Kisha nikabofya mara ya mwisho, nikiwa nimeshaujua wimbo.

"Karibuni," alisema Tatu.

Nikasubiri yale mengine. Hayakuja. Spika ilikwaruza kidogo, na nyuma ya mkwaruzo kukawa na kimya cha nje, cha mahali penye nyasi na upepo. Nasibu aliinua kichwa kutoka kwenye kazi yake. Alisema hajagusa chochote, na mpaka leo anaapa hivyo, ingawa taarifa rasmi inasema ni hitilafu ya waya.

Ndani ya kile kimya, pale mlangoni, mwanamume mtu mzima akakohoa mara moja.

Zikafuata mbio za miguu midogo, na maji kwenye bakuli. Nikasukuma kiti nyuma, nikasimama, kama inavyompasa mgeni mwenye nyumba anapoingia.